Daktari na Gari la Mikate

Koti lake jeupe halikuwahi kupata hata doa la oili, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu makini. Lakini Daktari, kama alivyojiita, hakutafuta riziki kwa watu makini. Alishinda kando ya kituo cha mafuta, akivizia magari yanayozimwa yakiwa yamepata moto kisha yakagoma kuwaka.

Asubuhi hiyo liligoma gari la mama muuza mikate. Makreti yalijaa nyuma, simu za wateja haziishi.

"Shikamoo, mama. Likipoa linawaka?"

"Marahaba. Likipoa halina neno. Likipata moto, hata ulibembeleze."

Daktari karibu acheke. Dalili za sensa tu hizo, kale kadude ka injini kanakozimia kwa joto! Ukiifunika kitambaa chenye maji inarudi kazini, na mpya haizidi bei ya ndala. Akafungua boneti, akatega sikio, akatikisa kichwa kama yuko msibani.

"Pole, mama yangu. Silinda hedi, moyo wenyewe wa injini, imepasuka. Huyu ni marehemu."

"Hata fundi wangu alisema hivyo hivyo."

Daktari akamshukuru kimoyomoyo fundi huyo: mwizi mwenzake, bila shaka.

"Nakuonea huruma. Niachie nikauze vyuma, wewe chukua pikipiki yangu ile. Mikate ifike kwa wenyewe."

Pikipiki ilikuwa mpya, na ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo duniani. Lakini gari ni gari.

Mama akasita, akauliza hili na lile, akazunguka pikipiki mara tatu, akakagua hadi taa.

"Kesho usije ukasema nimekupa gari bovu."

"Mimi? Si mimi ndiye ninayekwambia ni bovu?"

"Basi andika, mwanangu. Mimi naogopa kesi."

Daktari akaandika kwa madaha: amelipima mwenyewe, silinda hedi imepasuka, amelipokea hivyo hivyo. Akasaini. Wakabadilishana kadi za umiliki, makreti yakafungwa kwenye pikipiki, mama akaondoka.

Daktari akalowesha kitambaa, akafunika sensa, akawasha. Likanguruma! Hakukumbuka kwamba mazungumzo yalichukua saa nzima, na injini ilikuwa imepoa yenyewe.

Akakata mitaa akipiga mluzi hadi kwenye taa za barabarani. Hapo likazimika. Akaweka kitambaa. Kimya. Akaomba ndoo ya maji, akaimwagia injini. Kimya. Magari ya nyuma yakampigia honi. Fundi mmoja wa jirani, mwenye ovaroli nyeusi kwa oili, akaja kuchungulia mapovu kwenye rejeta.

"Silinda hedi hiyo, kaka. Imepasuka kitambo. Hukupima kabla ya kuchukua?"

Kabla hajajibu, pikipiki anayoifahamu ikasimama ubavuni, makreti matupu nyuma.

"Mama! Gari lako bovu kweli!"

Mama akapapasa karatasi kwenye mkoba, akamtazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo asubuhi.

"Kumbe ukitaka, kazi unaijua!"

Taa ikawaka kijani. Akaondoka.