Kidole Gumba cha Lonnie Mabry

Lonnie Mabry aliona mitungi minane myekundu kupitia dirisha la kampuni moja ya bima, hapo Toledo, akameza mate. Mle mlikuwa na gesi ya kuzimia moto kwenye chumba cha kompyuta, gesi ya zamani isiyotengenezwa tena, na kwa hiyo ghali kuliko manukato. Kwenye lori lake tayari alikuwa na mitungi kumi na mmoja ya namna hiyo. Aliichomoa katika majengo matatu, akaacha mitupu aliyoipaka rangi mwenyewe. Mnunuzi alimngoja Detroit saa tisa alasiri, na hakuwa mtu wa kungojeshwa.

Lonnie akavaa kizibao cha njano na kukwapua ubao wa kubania karatasi. Mwenye vitu hivyo viwili haulizwi anakwenda wapi.

"Bosi," alimwambia meneja, Bwana Haskell, "gesi hii ikitoka, moto unakosa pumzi. Na aliyemo naye anakosa. Anavuta mara mbili tu, marehemu. Nakuondolea bure, nakuletea mpya, salama kama maziwa."

"Na cheti?"

"Leo leo."

Haskell akakunjua uso. Wakubwa wa aina yake hawaogopi moto. Wanaogopa mkaguzi.

"Na sisi tuliofagia humo miaka yote hii?" aliuliza Wanda Pietrzak, msafishaji.

"Mngebana pumzi, mama," alisema Haskell, akarudia donati yake.

Wanda akampeleka Lonnie chumbani. Akapanda kiti, akakipangusa kinusa moshi cha darini kwa brashi ya manyoya mpaka vumbi likatimka. Kinusa kikadhani ni moshi, king'ora kikaanza kulia.

"Bonyeza kitufe hicho cha ukutani, baba. Ukikibonyeza gesi inangoja. Ukiachia inatoka."

Lonnie alikirukia kama chura, akakikandamiza kwa kidole gumba cha kulia.

"Naita fundi," alisema Wanda. " Nipe funguo za lori, limewazibia njia zimamoto."

Lonnie akazirusha kwa mkono wa kushoto. Wanda akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.

Sasa uongo wake wa asubuhi ukamkaa kooni, maana aliyeuamini kuliko wote ni yeye. Pua ikamwasha. Kahawa aliyokunywa, kikombe kama ndoo, ikaanza kudai njia. Mlango ulikuwa hatua sita, pumzi alizojipa ni mbili.

Wanda akatokea kwenye kioo cha mlango.

"Mama, fundi yuko wapi?"

"Tulia, kijana wangu. Unajua wasafishaji wa mji huu tunacheza bingo pamoja kila Alhamisi? Wenzangu watatu wanalalamika mitungi yao siku hizi inayumba wakiipangusa. Mtungi wenye gesi hauyumbi. Hiyo uliyowaachia wewe inacheza dansi."

"Mama, tuongee."

"Tumeshaongea. Mitungi inarudi ilikotoka. Lori litatupeleka bingo."

Akaondoka. Saa tisa ikafika, ikapita, na Detroit yake nayo.

Saa kumi Haskell akaingia kwa kuusukuma mlango kwa bega. Haukuwa na kufuli.

"Bado unapima tu?"

"Bosi, usisogee. Nikiachia tunakufa wote."

Haskell akacheka mpaka sukari ya donati ikamruka kidevuni. "Achia, bwana. Mitupu hiyo. Gesi niliiuza mwenyewe mwaka juzi. Unadhani boti yangu niliinunua kwa mshahara?"

"Na kompyuta zikiungua? Na yule mama?"

"Ndiyo maana nataka cheti."

Lonnie alisaini cheti kwa mkono wa kushoto, maana kidole gumba cha kulia kiligoma kukunjika. Palipoulizwa hatari ya gesi kwa wafanyakazi, akaandika: Hakuna. Ulikuwa ukweli wa kwanza kutoka kwenye kalamu yake, na hakulipwa hata senti.

Kisha akatimua mbio kwenda chooni, magoti yamebanana. Mlango ulikuwa umefungwa. Juu yake kilining'inia kibao cha njano, na mwandiko wa Wanda: Tunasafisha. Rudi kesho.