Masale ya Mpakani kwa Ajili ya Kaa Wanne

Kibosho,
9 Juni 1974

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji (ambaye pia ni mdogo wangu Yakobo),

Nakuandikia rasmi kwa sababu ukija kunijulia hali unazungumzia dawa tu. Daktari anasema sitafika mavuno ya kahawa, hivyo ombi langu lisingoje kikao cha mwezi ujao.

Unajua kwamba mjukuu wangu Mektrida, muuguzi wa Tanga, aliniletea kaa wanne, wale wadogo wanaobeba makombe ya konokono mgongoni. Nawafuga sandukuni kando ya kitanda. Malalamiko ni haya:

1. Maficho. Kaa anayejivua ngozi asipopata pa kujificha, wenzake humla. Mkeo Magdalena, kwa wema wake, alituletea kopo la rangi. Mdomo wa kopo hilo una makali, na rangi inabanduka. Kaa mmoja alikwama humo tangu chai hadi chakula cha mchana. Nimeweka kifuu cha nazi chenye mlango mpana. Kijiji hakijachangia chochote.

2. Vya kupandia. Kaa asiyepanda hunyong'onyea. Mgomba unateleza. Matawi ya mkahawa yamepuliziwa dawa ya mrututu. Waya unakata miguu. Limebaki shina la isale, mmea wetu wa kupandwa mipakani, ambalo lina pingili za kushika.

3. Nilipoomba masale yote ya mpakani kati ya kihamba changu na chako, mashamba ya migomba tuliyorithi, yang'olewe, ulijibu mbele ya wajumbe: "Kaka, kaa wanne wanataka msitu? Haya ni masale ya baba." Mzee Eliona akaongeza kwamba kaa wakishazoea kupanda watagombea uenyekiti. Wajumbe walicheka. Mimi nilikohoa.

4. Kila mkutano unatuhubiria kwamba ardhi ni yetu sote. Basi mpaka wa nini? Kaa wangu wameielewa siasa hiyo kuliko halmashauri: mkubwa akihama kombe, humwachia mdogo.

Naomba masale yang'olewe kabla ya Jumapili, ningali naweza kuinuka na kuona dirishani.

Msalimie Magdalena, watoto, wajumbe wote, na hata Eliona.

Ni mimi kaka yako, mwanakijiji mtiifu kadiri kifua kinavyoruhusu,
Mwl. Filbert Kimaro (mstaafu)

Baada ya kusaini: Kaa hawahitaji hata isale moja. Wanapanda kamba ya katani na wamenenepa. Masale yale, pale yalipo, si ya baba. Niliyahamisha mimi mwaka wa Uhuru, ulipokuwa Tarakea, hatua nane ndani ya kihamba alichokuachia. Nilitaka yang'oke kwa kisingizio cha kaa, uyapande upya panapostahili, na mimi nife bila kuulizwa. Umekataa kwa kumheshimu baba, nami nimekosa pa kujificha. Mpaka wa kweli ni kisiki cha mringaringa. Ndani ya bahasha kuna jani la isale nililolifunga fundo. Kwa mila yetu anayeletewa hilo hakatai kusamehe, na hapo halmashauri haina kura. Ndizi ninazokuletea kila Noeli, nawe ukanishukuru miaka yote hii, zilikuwa zako.