Chemba Inayopewa Pole

Lameki Kahangwa,
Mwalimu mstaafu,
Maruku, Bukoba Vijijini.
Alhamisi, kabla ya chai.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji, Ta Mutembei,

YAH: CHEMBA YA MAJI MACHAFU KUHESHIMIWA KUPITA KIASI

Kichwa cha habari hapo juu kingetosha, lakini wiki hii hakuna anayeniamini kwa maneno machache, kwa hiyo naomba nieleze.

Nakuandikia nikiwa na afya njema, na mke wangu Evelyne naye ana afya njema. Tafadhali sentensi hiyo uisome tena, maana ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Nimekuchagua wewe kwa sababu katika kitongoji kizima ni wewe peke yako ambaye hukufika kunipa pole. Nimeona wewe ni mtu wa kufikiri kwanza.

Jumamosi hii ukoo wa Ta Kyaruzi wa Rubya ulikuwa uje kuleta posa ya binti yangu Judica. Kwa ajili hiyo niliamua kuweka matofali ya pevingi mbele ya nyumba, wageni wasije wakazamisha viatu vyao vya kanisani kwenye matope. Evelyne alikuwa ameshaondoka kwenda Bumbire kumuuguza dada yake, akaniachia agizo moja tu: "Lameki, usiharibu kitu." Siku ileile simu yake ikatumbukia ziwani wakati anashuka mtumbwini. Habari hiyo nililetewa na mama mmoja muuza dagaa, aliyesema pia kwamba Evelyne atarudi Jumamosi.

Sasa, mbele ya nyumba yangu kuna chemba mbili, moja ya maji ya jikoni na moja ya bafuni. Tulipomwaga mchanga na kupanga pevingi, ua ulipanda, mifuniko ikabaki shimoni. Fundi Buberwa, ambaye unamfahamu kwa kuwa ndiye anayejengea makaburi ya kata nzima, alinieleza njia mbili. Ya kwanza ni kuifukia mifuniko chini ya pevingi, na chemba ikiziba tutafute mganga atuonyeshe ilipo. Ya pili ni kupandisha kuta za chemba. Akapandisha, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia:

1. Fundi alipandisha kozi tatu za tofali badala ya moja, kisha akaziunganisha chemba zote mbili ndani ya fremu moja ili zipendeze. Urefu ni futi sita, upana futi mbili na nusu. Nilipomuuliza vipimo hivyo kavitoa wapi, alijibu kwamba mkono umezoea.

2. Juu ya mifuniko aliweka vigae vyeusi vinavyong'aa, na vishikio vya nondo pembeni. Upande wa nyumba, ambao yeye anauita kichwani, alisimamisha bomba la kutolea hewa lenye ti juu yake, kile kiungio chenye mikono miwili, akalipaka rangi nyeupe. Ukiwa barabarani unaona msalaba. Ukisogea karibu, bado ni msalaba. Na sementi ikiwa mbichi akachora kwa msumari: KAHANGWA, na mwaka.

3. Asubuhi yake Ma Kokushubila, jirani yangu, alipita na jembe begani. Akatazama vigae, akasoma jina, akaniona mimi nimekaa barazani mzima kabisa, akapiga hesabu. "Waitu, Ma Evelyne! Hata kuagana!" Alilia mpaka mbwa wakanyamaza. Nilimweleza kwamba hii ni chemba. Akanishika mkono akasema, "Pole Ta Lameki, majonzi yamekupanda kichwani." Tangu siku hiyo, kila nikitaja neno chemba, watu wanalia zaidi.

4. Chama cha kuzikana kimeniandikia onyo kwa kuzika kimya kimya bila kuwapa wanachama nafasi ya kuchimba. Katibu, Benadetha, yuko tayari kunisamehe nikileta cheti cha kifo. Nilimwambia cheti hakipo kwa sababu kifo hakipo. Akaandika daftarini, mbele ya macho yangu: "Mfiwa hatoi ushirikiano."

5. Majirani wameacha kulima siku mbili kwa heshima ya msiba. Mwijage ameniambia waziwazi kwamba magugu yaliyomea katika maharage yake ni juu yangu. Nimeletewa mikungu kumi na minne ya ndizi. Nimekula miwili tu, nayo ni kwa kuogopa kuonekana najivuna nikiikataa yote.

6. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Jana Ta Kyaruzi alituma ujumbe kwamba posa haiwezi kuletwa kwenye nyumba yenye kaburi bichi, wataangalia mwakani. Jumamosi watakuja, ndiyo, lakini kutoa pole. Judica analia tangu jana, na kila anayemwona analia anasema, si mnaona? Mwenyekiti, mimi ni baba. Kumwona mwanangu anapoteza siku yake kwa sababu ya maji ya kuoshea masufuria kumenikosesha raha kabisa, na sioni aibu kusema hivyo.

Nimetafakari sana, nikagundua kuwa kosa si la fundi wala la majirani. Kosa ni la chemba. Nyumba ya marehemu baba yangu haikuwa na chemba. Maji yalimwagwa kwenye migomba, na hakuna mtu aliyewahi kuyavulia kofia. Kwa hiyo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Itoe cheti chenye mhuri kwamba Evelyne yu hai, nikibandike kwenye bomba.

(b) Impige marufuku Fundi Buberwa kugusa mali yoyote ya watu walio hai.

(c) Ikataze chemba zote mbele ya nyumba. Kwa kuwa nyuma kuna kibanja cha migomba, kulia jiko na kushoto banda la ng'ombe, kila mwananchi ajenge chemba yake kwa jirani. Wasiotaka wamuige Mwijage, aliyefukia ya kwake chini ya pevingi, na ua wake sasa umenyooka kama meza.

Endapo hayo yatashindikana, basi maji machafu yenyewe yapigwe marufuku.

Nisalimie Ma nyumbani kwako, watoto, wazee wa baraza, na yeyote atakayekuuliza mazishi yalikuwaje.

Ni mimi raia wako mtiifu, mume wa mke aliye hai,
Lameki Kahangwa.

N.B. Jumamosi jioni. Barua ilikuwa bado mfukoni. Ta Kyaruzi na watu wake kumi na wawili walifika saa nne, wakapiga magoti kwenye chemba, wakaanza rozari. Sisi ni Walutheri, lakini ungekuwa wewe ungebaki umesimama? Tukapiga magoti. Walipofika tendo la tatu, Evelyne akashuka kwenye bodaboda na ndoo yake ya dagaa. Akaona umati, akaweka ndoo chini, akapiga magoti nyuma kabisa, akaitikia mpaka mwisho. Kisha akamnong'oneza Ta Kyaruzi: "Waitu Tata, tumefiwa na nani?"

Mzee alimkumbatia akalia. Alifurahi mno kumpata mama wa bibi harusi akiwa hai hata hakukumbuka kubishana nasi juu ya chochote. Posa ilikubaliwa kabla kahawa ya kutafuna haijazunguka mara ya pili. Mikungu kumi na miwili ikapikwa. Judica analia tena, lakini hiki ni kilio kingine.

Kwa wingi wa vyombo, chemba ya jikoni ikaziba. Buberwa akashika vishikio, akainua, akazibua, akafunika, na wageni hawakuacha kula. Kwa Mwijage nako imeziba. Wanabomoa pevingi tangu asubuhi na chemba bado haijaonekana. Kwa hiyo naomba ufute (a), (b) na (c). Jina na mwaka vibaki kama vilivyo.

Limebaki moja. Evelyne ameniomba orodha ya wote waliokuja kumlilia. Ameisoma mara mbili kwa kidole. Jina lako hakuliona. Atapita kwako kesho baada ya ibada.