Gaju Asitolewe Mahari Bila Miti Yake

Lushebere, Masisi, mwezi wa nne

Kwa Bwana Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa mradi wa hewa safi,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni Athanase, yule mfugaji wa ng'ombe mmoja uliyemsifu mbele ya watu mwaka jana. Ulisema miti yangu mia tatu na shimo langu la mbolea vinameza hewa chafu nyingi kuliko ile anayotoa Gaju, ng'ombe wangu, akicheua. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele hata ninapokwenda chooni. Sasa mwanangu Déo anataka kumwoa Colette wa Kalembe, na baba yake, Papa Sebarenzi, anadai Gaju awe mahari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilima cha Sebarenzi kina kipara. Gaju akicheua kule, hewa itapanda moja kwa moja mbinguni. Ndoa hii, Bwana Agronomu, itachafua dunia nzima.

2. Mwezi wa tisa nilimpelekea miche mia tatu badala ya ng'ombe. Aliizunguka mara mbili, akauliza: "Papa Athanase, hii miti yako njo itatupatia maziwa?" Nilikasirika, nikaiacha hapo uani, na sijakanyaga tena huko.

3. Nikamtuma Déo na kikapu cha samadi, na ahadi ya kingine kila wiki. Mama Drocella, mke wa Sebarenzi, akamrudisha nacho. Samadi ya Gaju! Umeinusa mwenyewe, unajua.

4. Déo anahema kwa mapenzi kutwa nzima. Nimemsikiliza kwa makini, anamshinda ng'ombe, naye hakuwemo katika vipimo vyenu.

5. Gaju alifiwa na mama yake akiwa na siku mbili. Nilimlea kwa chupa. Hili si la hewa, lakini liandike.

Kwa hiyo naomba karatasi yenye mhuri itakayotamka kwamba Gaju si ng'ombe tena bali ni sehemu ya msitu, na msitu hautolewi mahari. Ikishindikana, ukoo wote wa Sebarenzi uhamie hapa, wakamue huku huku.

Wasalimie wapimaji wote, na Mama Mamy aliyenifundisha kuchimba shimo la mbolea.

Wako katika hewa safi,
Athanase

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Déo amenivuta hadi Kalembe. Colette aliipanda miche yote. Inanifika kiunoni, na kipara hakionekani tena. Déo alikuwa akiniambia, nikadhani ni mapenzi yanasema. Basi achana na mhuri, Gaju anaondoka Jumamosi. Ila Jumapili njoo na vipimo vyako, maana Déo ametulia, na sasa anayehema ni mimi.