Barafu za Kulthum na Uji wa Saruji

Jumatatu, 3 Februari
Majaribio yameanza. Injinia Rosalia ataka kujaza mapango yaliyo chini ya sakafu ya ghala, hapa Timbwani, kwa grauti, yaani uji wa saruji unaosukumwa na pampu. Kwanza tujaribu kwa kipimo kidogo uani. Mimi na Kitsao kila mmoja ana pampu yake, mpira wake wa kupitishia uji na visanduku vya chuma vya kuumiminia. Atakayefaulu ndiye mnyapara.

Tatizo: mke wangu Kulthum nilishamwambia kuwa mnyapara ni mimi. Naye amewatangazia dada zake wote kule mtaa wa Shika Adabu!

Nikafunga mpira mbio mbio, nimtangulie Kitsao. Nikawasha. Ndoo ya uji ikaanza kutokota mapovu, mpira mkavu. Kitsao akaniuliza kwa upole kama napika au najenga. Kumbe nimefunga mpira upande wa kunyonyea. Pampu imechorwa mishale, kweli. Lakini mtu mzima na mishale wapi na wapi?

Jumanne, 4 Februari
Mpira umeziba. Joto! Injinia asema maji yangu yamekaa juani, uji unaganda kabla haujafika. Kitsao tangi lake amelifunika makuti. Mjuaji.

Kisha injinia akatueleza kwamba uji ukishaganda tuufunike magunia na kuumwagia maji kila siku. Hapo nikapotea. Kitu wataka kiwe kigumu, kisha wakilowesha? Nikauliza kwa nini tusikianike tu. Injinia akasema hakikauki, kinakomaa. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Lakini la maji baridi nimelielewa. Na friji ninayo nyumbani!

Jumatano, 5 Februari
Kulthum huuzia watoto wa mtaa barafu za ukwaju, zile za vifuko. Alfajiri, yeye akiswali, nimejaza ndoo. Nikaziyeyusha zote kwenye maji ya kuchanganyia.

Wallahi, uji ulitiririka! Mshale wa geji, kile kipimo cha presha ya pampu, ulitulia tuli. Injinia akanipa mkono, akasema Mzee Abdillahi, kazi safi. Kitsao akauliza mbona uji wangu una rangi ya chai. Nikamwambia ni ustadi.

Jioni Kulthum akauliza zilipo barafu zake. Nikasema umeme ulikatika. Akasema: “Baba Wardah, umeme ukikatika barafu huyeyuka. Hazihami.”

Ijumaa, 7 Februari
Visanduku vimefunguliwa. Vya Kitsao ukivigonga vyalia kama kengele. Changu nilikigonga, kidole kikazama. Tena sisimizi! Msafara mzima, kutoka ukutani hadi kwenye saruji yangu. Sijapata kuona saruji ikiliwa.

Injinia akainama, akanusa, akauliza kama nimetia sukari. Nikaapa sijatia sukari. Na kweli sikutia mimi, ilikuwa imo tayari.

Hapo ndipo akaingia Kulthum na dada zake wawili, wamebeba pilau ya mnyapara. Macho yake yakaangukia ndoo yangu na vile vifuko vitupu. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akamuuliza injinia kwa adabu mnyapara ni yupi. Injinia akasema sukari huizuia saruji kuganda, na mnyapara ni Kitsao. Basi Kulthum akampakulia Kitsao, nyama zote juu. Dada zake wakampongeza. Mimi nikapata ukoko, na kachumbari kwa hisani ya mnyapara.

Jumatatu, 10 Februari
Kitsao ana moyo mzuri, sitaki kusema uongo. Ameniombea kwa injinia nirudie jaribio kesho. Nikifaulu niwe msaidizi wake. Akaniasa: “Ndugu yangu, fuata kipimo tu. Maji ya mfereji, saruji, basi. Usifikiri.”

Jumapili nzima nilikuwa nikifikiri. Kosa nimelijua. Sukari huzuia saruji kuganda. Sasa kinyume cha sukari ni nini? Si chumvi? Ajabu injinia na masomo yote yale hajaliona hili!

Na bahari iko hapa hapa chini, haina mwenyewe. Nimeshajaza madumu manne, nimeyapanga kivulini kama alivyofundisha Kitsao. Amepita, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kutawadhia.

Kulthum nimempigia simu. Kesho alete pilau.