Kuhe wa Mwalimu Wilibrodi na Miguu Iliyokatwa

Kaeni kitako, enyi watu wa Malangali na wa vilima vyote vya Ufipa. Nanyi mlioko mjini Sumbawanga, zimeni redio mpya zilizoingia tangu biashara ifunguliwe milango, maana hazitawasimulia habari hii. Vita vingi vimeandikwa vitabuni. Hivi havikuandikwa, kwa uvivu wa waandishi.

Mwaka wa 1993 Mwalimu Wilibrodi, simba wa ubao, mwenye suruali iliyonyooshwa pasi hata ziwani, alivua kuhe huko Kipili, samaki wa urefu wa mkono wa mtu mzima. Akapigwa picha ufukweni kama ada yetu inavyotaka: wima, mikono ubavuni, samaki akining'inia mkononi, kuanzia kofia hadi viatu, kwa kuwa mtu asiye na miguu pichani huhesabiwa kuwa ameharibiwa. Ili viatu viingie, mpiga picha alirudi nyuma hatua thelathini. Picha iliposafishwa, viatu viling'aa kwa fahari isiyo kifani, na samaki akaonekana kama njiti ya kiberiti.

Tadei, muuza mitumba, kaka wa mkewe Coleta, aliigeuza picha ile huku na huku mbele ya ukoo uliokusanyika kula Krismasi. Akauliza kwa upole, "Shemeji, huyu dagaa ulimvua peke yako au mlisaidiana?"

Tangu siku hiyo ukweni akaitwa Bwana Dagaa. Hata mama mkwe, ambaye kwa heshima hakuwahi kulitaja jina la mkwewe, jina hilo alilitaja bila taabu.

Mtu aliyelelewa kwa kengele ya bweni, aliyetandika kitanda chake miaka sita pasipo kunjo hata moja, hawezi kuzikwa akiitwa dagaa. Basi mwaka uliofuata akarejea Kipili. Silaha yake ilikuwa kamera yenye mkanda wa picha thelathini na sita, ambazo Coleta alikwisha kutumia thelathini na tano katika kipaimara cha parokia. Ilisalia moja. Lakini shujaa alikuwa ameisoma, kwa kamusi, karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya boksi la kamera, akaihifadhi kichwani kama katekisimu.

Saa moja asubuhi, mbali na pwani, mshipi ukakaza. Wakavutana, mwalimu na ziwa, hata kuhe wa pili, mkubwa kumpita wa kwanza, akalala ndani ya mtumbwi, waking'aa pamoja yeye na jua.

Maganga, mwenye mtumbwi, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake na kuwaacha wakichungwa na nduguze, akashika kasia. "Twende ufukweni, mwalimu. Huku sina pa kurudi nyuma."

"Hatuendi," akanena Wilibrodi. "Rangi ya kuhe huondoka pamoja na roho yake. Historia itaandikwa hapa. Jua liwe mgongoni mwako, uso wangu ulipokee. Na huo upondo uliousimamisha nyuma yangu ulaze, usije ukaniota utosini kama pembe."

Maganga akaulaza. Akachungulia. "Maji yamekukata shingo."

"Ni mstari wa upeo wa ziwa. Ukishuka wewe, nao utashuka. Piga goti."

"Kwetu mwanamume hampigii goti mwanamume."

Majeshi mawili yakatazamana. Mtumbwi ukayumba. Hatimaye hekima ikamshukia mwalimu. "Basi keti."

Maganga akaketi, na ziwa likashuka hadi kiunoni.

"Sasa usinitie katikati. Nisogeze pembeni, samaki apate nafasi ya kutazama."

"Mwenye picha anakaa pembeni kwenye picha yake mwenyewe?"

"Pembeni, Maganga." Akamnyoosha kuhe mbele kadiri mikono ilivyofika, si kwa hila, bali kwa kanuni.

Maganga akachungulia muda mrefu, kisha akaishusha kamera. "Miguu haiingii."

Hapo ndipo ilipokuwa ngome yenyewe. Wilibrodi akaviangalia viatu vyake, alivyovipaka dawa alfajiri. Dhahabu ubavuni mwa samaki ilikuwa inafifia.

"Maganga," akasema, sauti yake ya paredi ikiwa imempotea, "nikate miguu."

"Nyumbani kwako wataniuliza."

"Waambie niliomba mwenyewe."

Kitufe kikalia. Mkanda ukajizungusha kurudi mwanzo, na vita vikaisha.

Krismasi ikafika, na picha ikapita mkono kwa mkono. Kuhe alijaa humo upana wa kifua, magamba yake yakihesabika moja moja. Tadei alitazama, akatafuna taratibu, akatazama tena. Ukoo ulimsubiri.

"Huyu ni samaki," akasema. "Nimekosea, shemeji. Wewe ni mvuvi."

Wilibrodi akainamisha kichwa kama mfalme anayepokea funguo za mji. Ndipo picha ikamfikia mama mkwe. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza kutazama nyuma yake, akaiweka mezani kwa huruma.

"Samaki ni mzuri, baba," akasema. "Poleni sana na miguu."

Iandikwe basi, na isifutwe: mwaka wa 1994 Bwana Dagaa alikufa Malangali, na mahali pake akainuka Mvuvi Mkuu wa Ufipa. Picha yake inaning'inia sebuleni hadi leo. Chini yake, katika fremu hiyo hiyo, Coleta amechomeka ile ya mwaka uliotangulia, ili wageni waone viatu.