Betri Iliyoshiba

Asubuhi redio ya Dominika, mama anayetuuzia kahawa, ilitangaza kwamba huko mjini mtu kaunguza chumba kwa kuchajia betri ya gari la rimoti kitandani. Kijiwe kizima cha kahawa, hapa njia ya kupanda Machame, kikamgeukia Ronald. Betri yake ilikuwa inachaji muda huo huo, juu ya benchi, kando ya gari lake dogo, katikati yetu.

Ronald, yaani Fomula, ni mpagazi wa watalii mlimani. Jumamosi ana mashindano ya magari hayo Kwa Sadala, na Evelyn, binti anayetaka kumwoa, kaahidi kuja kutazama.

"Oneni ilivyonona!" akajigamba. "Nimeitoa Holili mpakani, kubwa kuliko zote dukani. Imeshiba!"

"Imevimba," akasema Theodory, ambaye tunamwita Onyo. "Gari lako linataka betri ya seli mbili, we umelishindilia ya seli tatu. Na hiyo chaja ni ya betri za zamani. Lithiamu ina chaja yake, inayojaza seli zote sawasawa. Tena unachajia juu ya tofali, siyo mbao, na huiachi peke yake."

"Peke yake wapi, na sisi wote tumeizunguka?"

Tukacheka. Mimi nilicheka huku nikisogea mwisho wa benchi.

"Chomoa, kaifukie kwenye mchanga. Ikishavimba haina dawa."

"Na Jumamosi nikimbize nini? Evelyn nimeshamwambia..."

"Umemwambia nini?"

Ilikuwa sauti ya Meku, yaani Mzee, Melkior, baba yake Evelyn. Ni mfugaji, na akiwa hayupo tunamwita Bwana Mifugo.

"Shikamoo, baba!" Ronald akaruka, akachomoa waya kwa heshima tu.

"Marahaba." Mzee akaitomasa betri, akaigonga kwa kidole, akaitegea sikio. "Hii ina gesi. Imelishwa majani mabichi."

"Meku, hiyo ni lithiamu!" Onyo akapiga kelele.

"Ng'ombe wangu alivimba hivi hivi. Nikamtoboa ubavuni, gesi ikatoka, jioni tukamkamua." Akachomoa kisu. "Nitoboe, nisitoboe?"

Onyo alikuwa ameshafika ng'ambo ya barabara. Ronald akanitazama, akamtazama mkwe mtarajiwa. Nilimwonea huruma kweli. Nani atamnyima baba yake Evelyn betri?

"Toboa, baba. Aika, asante."

Mzee akailaza juu ya gari, akatoboa.

Sitaki kusimulia moto ule. Dominika alimwaga ndoo nzima ya mchanga, na moshi ulipotulia gari lilikuwa limebaki magurudumu mawili. Mzee alikuwa mzima, ila nyusi hana.

Ronald hakulilia gari. Alikimbilia mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la jirani, akarudi na jani la sale, lile letu la kuombea radhi, akapiga goti.

"Nisamehe, baba. Betri yangu imekukosea."

Sale haikataliwi. Mzee akalipokea, akajipapasa pale nyusi zilipokuwa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Na mimi nina kosa langu. Ng'ombe hutobolewa kushoto, mimi nimetoboa kulia. Kesho lete nyingine."